Nyumba ya Miaka Sita

Vijana wa idara ya mambo ya kale wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, kabla ya mashine za kupimia kwa mwanga. Niliwajibu kwamba ilikuwa hivi hivi, ila tulichafuka zaidi. Jibu hilo halikuwatosha, na sasa nimekaa nyumbani, sina bosi wa kumsingizia, basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea, kwa hiyo viko salama kabisa.

Nilianzia pwani, kwenye magofu ya mawe, chini ya Mzee Faraji, mchoraji wa idara, mtu mfupi aliyekuwa na penseli sikioni hata msibani. Siku ya kwanza alinipa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma kinachoning'inia, akaniweka mbele ya ukuta uliopinda, kisha akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alikuta nimeuchora ukuta umenyooka, maana niliuonea aibu. Aliichana karatasi. Aliniambia kazi yetu ni kuandika tunachokiona, si tunachohadithiwa wala tunachokitamani. Amri hiyo nimeishi nayo mpaka nastaafu, na nitawaeleza jinsi ilivyokaribia kuniumbua.

Huko huko pwani nilipelekwa kozi pamoja na watu wa nchi nyingine. Jirani yangu wa dawati alitoka Kumasi, Ghana. Alikuja na picha za nyumba za ibada za Waasante: vyumba vinne vinavyotazamana kuzunguka ua, kuta za udongo, chini zimesuguliwa kwa udongo mwekundu na juu zimepakwa chokaa, zote zimejaa mapambo ya kufinyangwa, ndege, mamba na mistari inayojiviringisha. Mapaa ya nyasi yalikuwa yamekwisha kubadilishwa, mengi yakawa bati, na kuta husiribwa upya kila zinapochoka. Hata hivyo nyumba hizo zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nilimuuliza, kwa kiburi cha mtu aliyezoea mawe, sasa cha kale hapo ni kipi. Alicheka, akasema nitajua siku nitakayopewa nyumba ya udongo. Nikaona amekosa jibu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikahamishiwa Shinyanga. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja ndani ya jengo la utamaduni, na vifaa vyangu vilikuwa futi ya kamba, timazi, pima maji, mwiko mdogo, ubao wa kuchorea na Landrova isiyowaka bila kusukumwa. Wasukuma ni watu wakarimu. Sijawahi kukosa wa kusukuma, na utani wa jina hilo na kazi hiyo nimeusikia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nilijifunza kusema mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, nikajifunza pia kwamba mtu mzima hasalimiwi ukiwa umesimama mbali kama karani wa kodi. Waliniita Mama Tatu, kwa jina la binti yangu. Kwa Kiswahili changu cha pwani waliniona mtu wa Dar es Salaam, nami sikuwasahihisha, kwa sababu huko vijijini mtu wa Dar hupewa kiti kizuri.

Kijiji cha habari hii nitakiita Mwakilima, kiko ng'ambo ya Mwakitolyo ukitokea mjini. Wazee wake walituma barua wilayani wakiomba nyumba yao ya ngoma iandikwe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wameanza kusogea, na wazee walitaka karatasi ya serikali ya kuwazuia. Nikatumwa mimi.

Nilipokelewa na Mzee Masanja, mtunzaji wa nyumba ile, mjukuu wa watemi waliotawala pale kabla utemi haujafutwa. Akanipandisha kwenye mwinuko. Ilikuwa nyumba ya msonge, ya duara, paa lake la nyasi likishuka mpaka karibu na ardhi, hivyo kwamba mkubwa na mdogo wote waliingia wameinama. Ndani kulikuwa na miduara miwili ya nguzo, mmoja ndani ya mwingine, na katikati chanja zilipolazwa ngoma za kitemi, juu kabisa mbali na mchwa. Kushoto palikuwa mahali pa masamva, mizimu ya ukoo, na vibuyu vya kutambikia. Nilivua viatu, nikapima siku mbili. Nguzo zilikaa sawasawa kiasi kwamba kamba yangu haikupata kosa la zaidi ya upana wa kidole, na aliyezisimamisha hakuwa na pima maji. Niliipenda nyumba ile, nasema wazi. Niliona pia kwamba ukiingia unapanda, sakafu ya ndani iko juu ya ardhi ya nje kwa kimo cha goti, nikaandika pembeni mwa mchoro: sakafu imeinuliwa kuzuia maji ya mvua. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia.

Kisha nikafika kwenye fomu. Fomu yetu ilikuwa na mstari wa umri wa jengo, na sheria tuliyofuata ilitazama umri kwanza: cha kale kinalindwa, kipya hakilindwi. Nikamuuliza Mzee Masanja nguzo hizi zilikatwa lini. Akajibu bila kusita kwamba zilikatwa mwaka ule wa mvua nyingi, sasa ni mwaka wa sita, na nyasi ni za juzi tu. Nikazigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Kweli mbao zilikuwa changa. Basi nikaandika kile nilichokiona. Umri wa jengo: miaka sita. Nikatia sahihi na kuondoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na hiyo mara nyingi ni dalili mbaya.

Haikupita miezi mingi, mchunga ng'ombe mmoja akaokota jiwe lenye dhahabu mteremkoni mwa mwinuko ule. Wanaoijua nchi hii wanajua kilichofuata. Watu walishuka kutoka Geita, Kahama na kwingineko, na rashi, kama wachimbaji wanavyouita mmiminiko huo, ikawa rashi kweli. Mahema ya nailoni, mama lishe, mafundi baiskeli, wauza betri, wote walifika kabla Landrova yangu haijapata wa kuisukuma. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yalizunguka mwinuko pande tatu. Mwamba wenye dhahabu ulielekea upande wa nne, chini ya nyumba ya ngoma.

Mwenyekiti wa wachimbaji aliitwa Shija. Alikuwa Msukuma wa Geita, mrefu, mtulivu, amechimba tangu ujana na alisifika kuwa hajapata kumpoteza mtu shimoni, kwa sababu aliwakagulia matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yeye mwenyewe. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijitahidi. Aliomba wilayani eneo lote la mwinuko, na Mkuu wa Wilaya akaita kikao.

Nilikwenda kikaoni na michoro yangu imekunjwa vizuri. Nilieleza miduara ya nguzo, chanja na ngoma. Wazee wa Mwakilima walikaa mstari wa mbele wakinitazama kama wakili wao. Halafu Shija akasimama, na mkononi ana nakala ya fomu yangu kutoka kwenye faili la wilaya.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sana, lakini hii ni sahihi ya mama huyu mwenyewe. Kaandika miaka sita. Mheshimiwa, mimi nina sufuria lina umri mkubwa kuliko hiyo nyumba."

Ukumbi ulicheka. Mkuu wa Wilaya hakucheka. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama ile ni sahihi yangu. Nikasema ndiyo. Akasema hawezi kuwanyima watu zaidi ya elfu riziki yao kwa ajili ya nyumba iliyojengwa juzi, ila kwa kuwa idara ni ya kitaalamu, ananipa wiki mbili. Atakuja mwenyewe na kamati yake pale mwinukoni. Nikiwa na la kumwonyesha atalitazama, nikikosa nyumba itavunjwa na ngoma zitapelekwa stoo ya halmashauri. Mzee Masanja alitoka bila kuniaga. Niliumia sana. Watu wale waliniita niwalindie nyumba, na silaha ya kuivunja nimeitengeneza mimi kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku ya pili nikarudi Mwakilima kuomba radhi. Mzee Masanja alipokea shikamoo yangu kwa marahaba fupi tu. Aliyesema ni dada yake mkubwa, Bibi Kabula, mwanamke mkongwe, mwembamba, mikono imekomaa kwa kusiriba. Alinikazia macho, akashika upindo wa gauni lake, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, gauni hili nimelinunua mwaka jana. Utaniandika nina mwaka mmoja?"

Nikamkumbuka yule mwenzangu wa Kumasi na kicheko chake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakukosa jibu hata kidogo. Nyumba zao zilikuwa za kale kwa sababu watu hawakuacha kuzitengeneza kwa mikono ile ile na kwa mpango ule ule. Lakini hilo ni jibu zuri la darasani. Mkuu wa Wilaya alitaka kitu cha kuona kwa macho, na Mzee Faraji, popote alipokuwa, angetaka hivyo hivyo.

Nikamuuliza Bibi Kabula swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Sikuuliza tena nini kimebadilishwa lini. Nilimuuliza ni kitu gani hakijapata kuondolewa. Akaeleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nyumba inapochoka hufumuliwa yote, nyasi, fito, kuta, nguzo. Nguzo mpya husimamishwa kwenye mashimo yale yale ya zamani. Sakafu haiguswi. Wanawake wa ukoo huleta udongo mpya na samadi, husiriba juu ya ile ya zamani, halafu siku ya mwisho hupaka majivu meupe, na masamva hukaribishwa tena. Alifanya hivyo na mama yake, na mama yake na bibi yake.

Nikauliza kama haya majivu hukaa. Akasema yanakwenda wapi? Yako chini ya udongo. Nikakifungua kile kitabu changu cha michoro nikasoma maneno yangu kuhusu maji ya mvua, nikajiona mjinga kamili. Sakafu ile haikuinuliwa na mtu. Ilikua. Nyumba nzima ilikuwa imeandika umri wake chini ya miguu yangu, nami nilipita juu yake mara mia nikiwa na futi mkononi.

Nilichohitaji sasa ni shimo dogo tu, mraba wa kiganja na nusu karibu na kizingiti, ukuta wake ukatwe wima ili matabaka yaonekane. Nikamwomba Mzee Masanja. Akakataa papo hapo. Mtu wa ukoo akiikata sakafu ya masamva amewachimba babu zake, na mgeni akiikata amewatukana. Nikamwambia nyumba yenyewe inakwenda kuvunjwa. Akasema bora ivunjwe na adui kuliko ikatwe na yeye. Mwenye haki ya kuigusa sakafu ile ni mtani peke yake, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, akizika anazika, akivunja anavunja, na masamva wanacheka. Zamani walikuwapo watani walioishi jirani, wakafa, watoto wao wakahama. Sasa mtani atamtoa wapi ndani ya wiki mbili?

Nikamuuliza watani wao ni kina nani. Akataja Wazaramo, Waluguru, akataja Wazigua.

"Baba," nikasema, "mimi ni Mzigua. Kwetu Handeni."

Uso wa Mzee Masanja, ambao tangu kikaoni ulikuwa umefungwa, ukafunguka wote.

"Mzigua! Kabula, umesikia? Siku zote tunampa kiti huyu, tunamchinjia kuku, kumbe ni mtumwa wetu."

Nami nilivyolelewa siwezi kuliacha neno kama hilo lianguke chini. Nikamwambia mtumwa ni yeye, babu zake walipita kwetu wamebeba mizigo ya watu vichwani, usiku wakaiba mihogo yetu, na mpaka leo hatujarudishiwa hata ganda. Bibi Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakaanza nao kunitukana kwa furaha. Mtu alinipora kanga. Mwingine alidai chakula changu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ingawa hawakusema kwamba mgeni ataporwa kanga. Mwisho Mzee Masanja akaniambia nitakata, lakini mbele ya kamati, mchana kweupe, ili asije mtu akasema tumepanga matabaka wenyewe. Ushauri huo ulikuwa wa kitaalamu kuliko mwingi nilioupata ofisini.

Siku ya kamati Mkuu wa Wilaya alikuja na watu wake, Shija akaja na wachimbaji wake, na kijiji kizima kikaja bila kualikwa. Nilivua viatu, nikatukana masamva kidogo kama inavyompasa mtani, nikawaambia wamelala mno mpaka wanataka kuchimbuliwa, halafu nikapiga magoti na mwiko wangu. Kama chini kungekuwa na kifusi tu, ningekuwa nimeivunja nyumba ile mara mbili. Nilikata taratibu, mkato mmoja wima, nikapiga brashi. Vumbi lilijaa kila mahali na mle ndani hamkuwa na mwanga wa kutosha. Mkuu wa Wilaya aliinama, akatazama, akasema yeye anaona udongo.

Aliyepiga magoti kando yangu bila kuombwa alikuwa Shija. Nadhani mazoea yalimshinda. Mtu aliyeishi kwa kusoma kuta za mashimo hawezi kupita ukuta mpya asiusome. Akatoa kurunzi yake, akaomba maji. Alichovya vidole, akaulowesha ule mkato toka juu mpaka chini, kama wanavyoulowesha mwamba ili mshipa wa dhahabu ujitokeze. Na matabaka yakajitokeza. Mstari wa udongo wa kahawia, mstari mwembamba mweupe wa majivu, kahawia, mweupe, kahawia, mweupe, imefuatana mpaka chini, imenyooka kama mistari ya daftari.

Shija akaanza kuhesabu kwa sauti, ncha ya kisu ikigusa kila mstari mweupe. Bibi Kabula, akiwa amesimama mlangoni, akawa anataja. Hili la mwaka wa mvua nyingi. Hili tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa na kurudi. Hili la mtemi wa mwisho. Hili la baba yake, hili la njaa, hili alilosiriba mama yangu akiwa na mimba yangu. Alipofika la tisa akasema chini ya hapo hakuwapo, aulizwe udongo. Shija aliendelea peke yake. Alifika ishirini na saba, kisu kikagonga ardhi ngumu ya mwinuko.

Alibaki amepiga magoti. Mimi nilisogea kando, kwa kuwa nilishajifunza kwamba sahihi yangu haina thamani pale. Mkuu wa Wilaya ndiye aliyemuuliza kama mwenye sufuria ana la kusema.

"Mheshimiwa, ukuta haudanganyi," Shija akasema. "Mimi nikiwadanganya vijana wangu kuhusu ukuta, kesho nawazika. Nyumba hii ilikuwepo kabla ya Mjerumani. Sisi tutafuata mwamba kwa kule mashariki."

Mmoja wa wachimbaji wake alianza kunung'unika. Shija alimgeukia tu, naye akanyamaza. Mkuu wa Wilaya alivua miwani, akaamuru mwinuko wote uwekewe mipaka na usichimbwe, na nyumba iandikwe upya. Nje wanawake walikuwa wamekwisha kupiga vigelegele kabla hajamaliza sentensi. Mzee Masanja alinishika mkono, akanitukana. Nililia mbele ya wajumbe wa kamati, na sijaona aibu hadi leo. Vijana, mtakuja kupata vyeti na hotuba za kuwasifu. Hakuna kitakacholingana na kusikia adui wako akihesabu kwa sauti kile ulichoshindwa kukithibitisha.

Kiangazi kilichofuata nyumba ya ngoma ikavunjwa. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa na wakati wake ulikuwa umefika, basi wakaniita niitoe nyasi ya kwanza, kwa kuwa mtani hawezi kukaa pembeni. Nilivuta fungu la kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, na lile paa nililolipigania likaporomoka huku watu wakishangilia. Shija alileta nguzo mpya kutoka Geita na wanaume kumi wa kuzisimamisha; alizikagua moja moja kama matimba, akazirudisha mbili. Zilizobaki zikaingia kwenye mashimo yale yale.

Siku ya mwisho wanawake wa ukoo walisiriba sakafu, wakaandaa majivu. Nilikuwa nje nikichora. Bibi Kabula akaniita ndani, akaniambia niweke penseli chini, akanishika kifundo cha mkono akakikandamiza kiganja changu kwenye udongo mbichi, kisha akapitisha mkono wake juu na kuufuta ule mchapo mpaka pakawa laini kabisa. Nikamuuliza atalitaja vipi tabaka hili, siku atakapowahesabia wajukuu.

"Hili ni la Mzigua," akasema, akanyunyiza majivu juu yake.